Waliokaa Njaa kwa Ajili Yangu

Ninyi mlioniuliza "ilikuwaje?" mnisamehe kwa kukaa kimya. Nilianza kumjibu mmoja mmoja, nikakuta hadithi inanoga zaidi kila ninapoirudia, na Wafula, ambaye ndiye shahidi wangu, akaanza kunisahihisha mbele za watu. Basi naiandika mara moja jinsi ilivyokuwa, mgawane.

Najua mtacheka. Kutoka kwetu Kiganjo hadi kule nje ya Ruiru nilikokuwa naenda, mtu mwenye pikipiki nzuri hufika kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Mimi nilitoka jua likichomoza, nikafika mchana, tena nimechoka kama aliyetoka Mombasa.

Kwa wale ambao hadi leo hawaamini kwamba nina kazi: mimi ni mwonjaji kahawa. Kwenye maabara yetu ndogo pale Thika tunaletewa kahawa ya wakulima, tunaikaanga, tunaisaga, tunaimwagia maji moto, halafu tunaifyonza kwa kijiko, tunaitema, na kusema ni nzuri kiasi gani. Mwaka huu niliomba ile nafasi ya vijana wenye ujuzi kwenda kufanya kazi Ujerumani kwa mwaka mzima, huko kahawa yetu inakopokelewa na kukaangwa. Nilishawahi kuomba nikakosa, nikaomba tena nikakosa. Hawachukui mtu aliyetimiza miaka thelathini, na mimi naitimiza kabla ya Krismasi. Hii ilikuwa ya mwisho, na nilikuwa naitaka mpaka usingizi umenikimbia. Mambo ya fomu nayaruka, kwa sababu sijawahi kuona mtu akifurahishwa na habari za fomu. Twende barabarani.

Kiganjo: miguu iliyopauka

Siku ya mahojiano kulikuwa pia na mtihani wa kuonja. Mwonjaji anayejitambua siku hiyo hapaki mafuta yanayonukia, hapulizi manukato, na hagusi kitunguu, pilipili wala tangawizi. Vyombo vyake vya kazi ni pua na ulimi, navyo haviendi kazini vikiwa vichafu. Nilioga kwa sabuni ya kipande isiyo na harufu, nikavaa, nikatoka sebuleni nikijiona niko tayari kabisa. Mama akaniangalia kuanzia chini.

"Wairimu, unaenda kuona wazungu na hiyo miguu?"

"Miguu iko na nini, Mum?"

"Imepauka ka ya mtu amekanyaga simiti. Watasema kwenu hakuna mafuta."

"Nikipaka nitakuwa nikinusa mafuta, Mum. Sitasikia kahawa."

"Si upake tu huko chini! Pua iko juu."

Nikakataa. Halafu nikakataa chai yake ya tangawizi, nikakataa na chapati zilizokuwa na vitunguu vya majani, ambazo alikuwa ameamka mapema kuzipika. Hapo aliumia kidogo, nikaona. Nilikuwa nimefunga nduma ya kuchemsha kwenye mfuko, bila chumvi, nile nikikaribia kufika. Nilipokuwa nikifunga kamba za viatu nikamsikia akiongea kwa simu na Cucu, nyanya yangu wa Mugutha: "Eeh, amekataa kila kitu. Hata chai. Hatakula mpaka amalize." Sikuyatilia maanani maneno hayo.

Kupita kwa Cucu ilikuwa amri ya Mama, kwa maana kwetu mtu haendi kwenye jambo kubwa bila kuombewa. Baada ya hapo nilipaswa kupitia Gatongora kwa Auntie Waithera, dada yake Mama, ambaye ni fundi wa nguo na alikuwa amenishonea koti la siku hiyo. Ningefanya yote hayo kwa matatu, lakini mnajua matatu zetu, kila moja imening'iniza manukato ya kuwapa watu kizunguzungu. Ndiyo maana nikamwomba Wafula.

Wafula ni jirani yetu. Wazazi wake walitoka Bungoma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mananasi, naye amezaliwa hapa, anaongea Kikuyu kuliko mimi, na anaendesha boda. Nilikuwa nimemwonya asipulize chochote. Alifika akinuka petroli tupu, na petroli tungeivumilia.

"Niaje, Mjerumani?" akaniita.

"Bado, Wafula. Usiniharibie bahati."

Mama akampa zile chapati zangu. Akazila zote akiwa amekaa kwenye pikipiki.

Kutoka Thika: lori la mawe

Tulipita Thika mjini maduka yakifunguliwa, tukashika barabara ya pembeni kuelekea Ruiru. Upepo ulikuwa baridi na mimi nilikuwa nimejaa furaha hadi nikaimba. Wafula akasema nikiendelea kuimba ataniongezea nauli.

Mambo yaliharibika tulipoiacha lami kuingia Mugutha. Siku hizi Mugutha kila mtu anajenga. Lori la mawe lilikuwa limezama gurudumu moja kwenye mtaro uliochimbwa wa mabomba, likalala upande na kuziba njia yote, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope pande zote mbili. Wanaume walikuwa wakishusha jiwe moja moja bila haraka yoyote. Tukazima pikipiki tukangoja.

Pembeni kulikuwa na mama anachoma mahindi. Nikasogea mbali na moshi wake, naye akadhani namdharau.

"Kwani moshi yangu imekukosea nini?"

Nikamweleza kwamba naenda kuonja kahawa, na nguo zikinuka moshi nimekwisha. Akaacha kupepea jiko.

"Kuonja kahawa ni kazi?"

"Ni kazi."

"Na unalipwa?"

"Nalipwa."

"Haiya! Mimi naonja githeri tangu nizaliwe na hakuna mtu ameniambia kuna pesa huko."

Tulicheka mpaka wale washusha mawe wakageuka. Tangu hapo akawa upande wangu. Ndiye aliyewafokea wanaume wale waache nafasi ya pikipiki: "Mtoto wa watu ana interview na nyinyi mnabembeleza mawe!" Wakasogeza mawe. Wafula akala mahindi mawili, moja lake na moja alilosema ni langu. Tukapita tukiwa tumechelewa vibaya.

Mugutha: jiko lililopoa

Kwa Cucu hakuna mtu amewahi kupita bila kunywa chai. Hata mtu wa kusoma mita hunywa. Kwa hivyo njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kukataa bila kumuudhi. Nilipoingia nikashangaa. Jiko lilikuwa limepoa, na hakukuwa na kikombe hata kimoja mezani. Uncle Njoro, mdogo wake Mama anayeishi na Cucu, alikuwa amekaa kwenye kiti uso umemkunjamana. Huyu ni mtu ambaye hula kiamsha kinywa mara mbili na haoni haya.

Nikajiambia, Mama amewaeleza vizuri, jamani, wamenielewa. Nusura nilie kwa shukrani. Wafula yeye alikuwa akichungulia jikoni.

"Wairimu, hiyo maneno yako inaisha saa ngapi?" Uncle akauliza.

"Jioni hivi, Uncle."

"Jioni?" Akafumba macho kama aliyeumwa na jino.

Cucu akatusimamisha, tukashikana mikono, akaanza kuomba kwa Kikuyu. Cucu akiomba huanza na mababu, hupitia serikali, ndipo afike kwako. Aliponifikia, nikamsikia akisema: "Baba, tunakuletea huyu mtoto aliyejinyima chakula kwa ajili ya jambo hili, pamoja na sisi tuliojinyima naye, mimi, na Njoro, na Waithera na wanawake wa kanisa kule Gatongora."

Nikafumbua macho. Walidhani nimefunga! Mama alisema kwenye simu kwamba sitakula mpaka nimalize, na kwa Cucu maneno hayo yana maana moja tu. Alikuwa amezima jiko, akamwambia Uncle naye afunge, akapiga simu Gatongora, na watu wazima walikuwa wakikaa njaa kwa sababu mimi sikutaka ulimi wangu uguse tangawizi.

Katikati ya maombi huwezi kusema kitu. Nikangoja amina.

"Cucu, kuna kitu nataka kusema. Mimi si—"

Akaniwekea kiganja mdomoni. "Nyamaza. Mtu akifunga hatangazi. Hata Bibilia imekataa."

"Lakini Cucu—"

"Hapana! Utaharibu. Enda."

Nikamtazama Uncle. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba nimkomboe, lakini mbele ya mama yake hakuthubutu kufungua mdomo, na mimi pia sikuthubutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilijua hivyo, nikapanda pikipiki. Nilipita kando ya mstari mmoja wa miti ya kahawa ambao Cucu ameubakisha karibu na lango. Mingine yote iling'olewa, shamba likawa ploti. Akasimama hapo akipunga mkono hadi tukapinda kona.

Gatongora: mafuta

Kwa Auntie Waithera nilipokelewa kama askofu. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wamejaa kwenye duka lake la ushonaji, katikati ya vitambaa na cherehani, wote midomo mikavu.

"Mtoto wetu! Umevumilia?" mmoja akaniuliza akinishika mashavu.

Nikamvuta Auntie kando, nikamnong'onezea kwamba sijafunga, nimekwepa tu vitu vya harufu kwa sababu ya kuonja. Akanipigapiga begani.

"Cucu aliniambia utakataa kukubali. Wewe ni mnyenyekevu sana, mummy."

Mngefanya nini hapo? Nikavaa koti. Lilinikaa vizuri ajabu, la rangi ya udongo, nikajiona mtu wa maana. Ila kifungo kimoja kilikuwa kimelegea, na Auntie hawezi kuruhusu kazi yake itoke na kifungo kilicholegea, kwa hivyo nikalivua tena na tukangoja. Wafula alikuwa ameketi mlangoni na soda aliyonunua dukani jirani. Mwanamke mmoja akamtazama. Akaifunga kifuniko bila kuinywa, akaiweka chini.

Halafu Auntie akatoa chupa ndogo. Kabla hajaifungua, harufu ya waridi ilikuwa imeshanifikia.

"Auntie, hiyo ni nini?"

"Mafuta ya upako. Piga magoti."

Nikaruka nyuma hadi nikagonga cherehani. "Auntie, hapana! Nikipaka hiyo siwezi kusikia kahawa. Hata wenzangu hawatasikia. Watanitoa nje!"

Wanawake wakatazamana. Kukataa chai ni jambo moja, lakini kukataa mafuta ya upako mbele ya watu waliofunga kwa ajili yako ni jambo jingine. Machozi yalinijia, si uongo. Niliona mwaka wangu wa mwisho ukiishia kwenye ile chupa. Nikawaambia wazi: "Mimi nayataka maombi yenu. Nayataka sana. Ni harufu tu."

Auntie akaingia nyuma, akarudi na kibuyu cha plastiki cha mafuta ya kupikia.

"Hii ni salad. Haina harufu. Lakini ukikosa hiyo kazi, usiseme ni mafuta."

Nilipakwa salad kwenye paji la uso na mikono ya wote ikiwa juu yangu, na wakaomba kwa nguvu hadi vitambaa vikatikisika. Walipomaliza, mmoja akateremsha macho.

"Na hii miguu imepauka hivi ni ya nini?"

Wakaipaka pia. Nilitoka Gatongora miguu iking'aa, na laiti Mama angeniona.

Nje ya Ruiru: kikombe cha mgeni

Langoni kwenye shamba la kahawa palipofanyika mahojiano nikashuka, nikafungua mfuko, nikatoa nduma. Mikono ilikuwa ikitetemeka kwa njaa, na mkono unaotetemeka humwaga kahawa. Niliiangalia ile nduma, nikamkumbuka Uncle. Kisha nikaila, kwa sababu nilijua nikiingia vile nitaanguka mtihani, na njaa yao yote itakuwa bure.

Wafula alikuwa akinikodolea macho.

"Wairimu! Na fasting?"

"Sikufunga, Wafula. Ni Cucu alielewa vibaya. Nilijaribu kuwaambia."

"Manze, mimi nimeacha soda yangu Gatongora juu yako!"

Ndani kulikuwa kimya na safi, madirisha wazi, meza ndefu zimepangwa vikombe. Nilikuwa wa mwisho kufika lakini walikuwa hawajaanza. Mtihani wenyewe ni rahisi kueleza: vikombe vitatu, viwili ni kahawa moja, kimoja ni mgeni. Umtoe mgeni. Ukimaliza, unasogea kwenye vitatu vingine. Nikachukua kijiko changu nikaanza kufyonza kwa mlio, kama inavyotakiwa. Ukifyonza kimya husikii ladha. Mama alinichapa utotoni kwa ajili ya mlio huohuo.

Mimi ulimi wangu ulikuwa umeamka siku hiyo! Vikombe vya kwanza vilinipa majibu kabla sijauliza. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa swali analolijua. Kisha nikafika kwenye vile vya mwisho, na sikusikia tofauti yoyote. Nikarudia. Hakuna kitu. Wenzangu walikuwa wakiweka vijiko chini na kukaa. Jasho likanitoka juu ya ile salad.

Nikaacha kuonja, nikasimama tu. Kahawa ikiwa moto huficha mambo, ikipoa husema. Nikangoja ipoe huku msimamizi akiangalia saa. Nikafyonza tena. Kwenye kikombe cha kati, mwishoni kabisa, nikasikia kitu kidogo cha gunia lililonyeshewa. Nikakitoa. Sikuwa na hakika, lakini nilikitoa.

Mahojiano yaliongozwa na mama Mjerumani aliyejifunzia Kiswahili pwani, akanisalimu "U hali gani, dada?" kwa ufasaha, nami nikamjibu "Poa," nikatamani ardhi inimeze. Karibu yake alikuwa Mkenya mmoja mwenye ndevu za mvi. Huyo ndiye aliyeniuliza, "Ukikosa nafasi hii, utafanya nini?"

Jibu nililokuwa nimekariri likapotea. Nikasema, "Kwanza nitarudi Mugutha kuwaambia watu fulani wale chakula."

Wakataka kujua watu gani. Nikawaeleza yote, chai, maombi, salad. Yule wa ndevu alivua miwani akapangusa macho kwa kucheka. Mama Mjerumani akaomba kuonyeshwa paji langu la uso. Kisha akawa makini, akaniuliza, "Na ukiipata?"

"Nitaenda, na nitarudi. Nyanya yangu amebakisha mstari mmoja wa kahawa, na kila mtu anamwambia aung'oe. Nataka nijue kule inakonunuliwa wanatafuta nini, ili nimwambie kama alifanya vizuri kuubakisha."

Wakaandika. Wakasema watatupigia simu kabla jua halijatua, maana walikuwa wakisafiri.

Kurudi Mugutha

Njia ya kurudi, lori lilikuwa limeondoka. Yule mama wa mahindi akaniita kutoka mbali: "Wamekulipa?"

"Bado!"

Akaninyooshea hindi moja lililopakwa ndimu na pilipili. Sasa ningeweza kula pilipili yote ya dunia, na lilinukia vizuri mpaka tumbo likalia. Nikamwambia asante, kuna watu wananingoja. Hapo ndipo nilipofunga kweli, jamani, kutoka kwenye jiko lake hadi kwa Cucu.

Chakula kilikuwa tayari, kimefunikwa, na hakuna aliyekuwa amekigusa. Mukimo, na mchuzi wa nyama ulionuka vitunguu nyumba nzima. Mama alikuwa amekuja kutoka Kiganjo, na Auntie kutoka Gatongora. Uncle Njoro alikuwa amevuta kiti chake hadi karibu kabisa na sufuria.

"Ameingia! Ombea chakula, Mum!" akamwambia Cucu.

Nikasema ngojeni, kuna kitu lazima niseme kwanza. Kabla sijapata maneno, Wafula, ambaye hajui kutunza siri hata ya bei ya petroli, akasema, "Anataka kusema alikula nduma kwa gate."

Uncle akasimama. "Alikula nini?"

"Nduma," nikasema. "Sikufunga, Uncle. Nilikuwa nakwepa tu vitu vya harufu. Nilijaribu kuwaambia."

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi! Jirani amechoma nyama hapo kwa fence, nikavumilia! Na wewe ulikuwa ukikula nduma?"

Mama alikuwa ameshika mdomo, ameelewa simu yake ilifanya nini. Mimi nilimtazama Cucu. Hilo ndilo nililokuwa nimeliogopa siku nzima, uso wa Cucu.

"Njoro, kaa chini," Cucu akasema. "Ulifungia Mungu ama ulifungia Wairimu?"

"Nilifungia Wairimu."

"Basi Wairimu ndiye huyo. Mdai."

Simu ikalia. Nikaishika kwa mikono miwili. Alikuwa yule wa ndevu, na nyuma yake nilisikia kelele za magari. Alisema maneno mengi, na mimi nilisikia mawili: umechaguliwa, hongera. Nikajaribu kuwaambia, nikaishia kuitikia kwa kichwa tu nikilia. Auntie alielewa wa kwanza, akapiga vigelegele, Mama akanikumbatia hadi koti likakatika kifungo kilekile. Uncle Njoro, ambaye sekunde chache kabla alikuwa akinidai siku yake, aliinua mikono juu.

"Mnaona? Mnaona! Ni sisi tumepita hiyo interview!"

Sikubishana naye, na sitabishana naye hata leo anapoitangaza Mugutha nzima. Mimi nilionja vikombe. Lakini nilipokuwa nikila ule mchuzi wa vitunguu na kunywa chai ya tangawizi inayochoma koo, nikiwaangalia wakila kwa pupa, nilikuwa nikifikiria kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua vizuri nilichokuwa naenda kufanya, na wote walikaa njaa siku nzima nikipate. Sijawahi kupendwa waziwazi namna ile.

Cucu aliniongezea chai, akainama karibu nami ili wengine wasisikie.

"Siku ya kupanda ndege utuambie mapema. Ni ya kufunga ama ni ya kula?"

"Ya kula, Cucu."

"Uko sure?"

"Niko sure kabisa."

Akageuka. "Njoro! Amesema ni ya kula," na Uncle, mdomo umejaa mukimo, akasema, "Amina."